Amiba hana mdomo, sasa damu anailaje?

Baada ya kipindi chetu cha afya kuhusu kuhara damu, msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe mfupi. Mwanawe alikuwa amepimwa choo kwenye zahanati, na mtaalamu wa maabara akaandika kwamba ameona amiba walio na damu ndani yao. Swali la mzazi huyo lilikuwa fupi: kiumbe asiye na mdomo, asiye na meno wala tumbo, anailaje damu ya mtu?

Hewani hatukupata nafasi ya kumjibu. Lakini swali lile halikutuacha, kwa sababu ndilo hasa ambalo watafiti wa Mexico, Japani, India na Marekani wamekuwa wakilifanyia kazi kwa miaka mingi. Jibu lake linahusu pia dawa mnazopewa zahanati, na kwa nini mgonjwa wa amiba anaweza kupona leo na baada ya muda akaugua tena.

Kwanza tumfahamu mwenyewe

Amiba tunayemzungumzia anaitwa kitaalamu Entamoeba histolytica. Daktari wa Urusi, Fedor Lösch, ndiye aliyewaeleza amiba wa namna hii mwaka 1875, baada ya kuwaona kwenye choo cha mgonjwa wa kuhara mjini St Petersburg. Jina la pili, histolytica, lilitolewa mwaka 1903 na Mjerumani Fritz Schaudinn, na maana yake ni mwenye kuyeyusha nyama ya mwili. Alistahili jina hilo.

Huyu si mdudu, ingawa tumezoea kusema hivyo. Ni seli moja tu inayojitegemea. Ukiwapanga amiba 50 kwenye mstari mmoja, mstari wote utakuwa na urefu wa milimita moja hivi. Seli nyekundu ya damu ni ndogo zaidi, kwa hiyo amiba mmoja anaweza kuwa na seli kadhaa za damu ndani yake kwa wakati mmoja. Hicho ndicho mtaalamu wa maabara alichokiona kwenye hadubini.

Ana maisha ya aina mbili. Akitoka na choo hujifunga ndani ya ganda gumu, na humo anaweza kukaa kwenye maji, udongo au mboga za majani akisubiri. Watu wengine huyaita maganda hayo mayai ya amiba, lakini si mayai. Ni amiba mwenyewe amejifungia. Ukimmeza kwa maji au chakula, ganda hufunguka ndani ya utumbo mwembamba, na amiba huteremka mpaka utumbo mpana. Hapo anaanza kutembea na kula.

Chakula chake cha kawaida ni bakteria waliojaa utumboni. Katika kila watu 10 walioambukizwa, kama 9 hawaumwi kabisa. Amiba yumo, anakula bakteria wake, na mwenye mwili hana habari. Shida inaanza pale anapoacha bakteria na kugeukia ukuta wa utumbo, na kisha damu. Zana ni zile zile alizokuwa akizitumia kula bakteria. Aliyebadilika ni mlaji kwa upande wa chakula tu.

Utando, na jinsi ya kumeza bila mdomo

Chemsha maziwa, yaache yapoe. Ile ngozi laini inayotanda juu tunaiita utando. Amiba naye amezungukwa na utando wa mafuta na protini, mwembamba kupita kiasi, na una sifa moja ambayo utando wa maziwa hauna: ukikutana na utando mwenzake unaweza kuungana nao ukawa kitu kimoja, na ukibanwa katikati unaweza kukatika vipande viwili bila kuacha tundu. Shika hilo, maana kula kote kwa amiba kunategemea sifa hiyo.

Anapokaribia seli ya damu, jambo la kwanza ni kuishika. Juu ya utando wake kuna protini iitwayo lektini, ambayo kazi yake ni kunasa aina fulani za sukari, hasa galaktosi na jamaa zake. Seli za binadamu zimepakwa sukari hizo kwa nje. Basi lektini inakamata sukari kama ndoana inavyokamata samaki. Ndiyo maana katika maabara ukimwekea amiba sukari ya galaktosi nyingi kwenye maji, ndoana zote hushikwa na sukari hiyo na amiba hushindwa kuikamata seli ipasavyo.

Baada ya kushika, habari lazima ifike ndani. Hapa ndipo walipoingia watafiti wa New Delhi, Alok na Sudha Bhattacharya na wenzao. Mwaka 2011 walieleza kwamba pale amiba anaposhika seli ya damu, protini moja yenye kutegemea madini ya kalsiamu hukimbilia mahali pale chini ya utando. Hiyo huita ya pili, na ya pili huileta aktini. Aktini ni protini ya kujengea. Mfikirie fundi wa nyumba ya miti na udongo: fito zinasimamishwa moja baada ya nyingine, na ukuta unapanda. Aktini hujipanga hivyo hivyo, na ikijipanga inausukuma utando kutoka ndani. Utando unainuka kuizunguka seli ya damu, kwanza kama sahani, halafu kama kikombe. Watafiti walipoizima ile protini ya kwanza, vikombe havikujengwa vizuri na amiba hakuweza kula kama kawaida.

Kikombe kinaendelea kupanda mpaka midomo yake inakutana juu. Utando unagusana na utando, unaungana, na seli ya damu inajikuta ndani ya mfuko uliofungwa, ndani ya tumbo la kiumbe asiye na tumbo. Fito za aktini zinabomolewa mara moja, maana zitahitajika kwingine. Tendo lote huchukua dakika chache. Wataalamu wanaliita fagositosi.

Kwa hiyo jibu fupi kwa msikilizaji wetu ni hili: mdomo anautengeneza pale anapouhitaji, mahali popote pa mwili wake, na akishameza anaufuta.

Daladala ndani ya amiba

Lakini kumeza si kula. Seli ya damu iliyofungwa kwenye mfuko bado ni nzima. Ili imeng'enywe, vimeng'enya vikali lazima viletwe kwenye mfuko ule, na visimwagike njiani, maana vikimwagika vitamla amiba mwenyewe.

Vimeng'enya husafirishwa ndani ya vifuko vidogo vya utando. Ndani ya seli kuna maelfu ya vifuko hivi, vingine vinatoka katikati kwenda nje, vingine vinarudi, vingine vinapeleka mizigo kutoka kituo hadi kituo. Kila seli yenye kiini, iwe ya mtu, muhindi au kuku, ina msongamano huu. Wanasayansi watatu, James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2013 kwa kueleza jinsi usafiri huo unavyoendeshwa.

Anayejua stendi yoyote ya mjini ataelewa tatizo. Magari yote yanafanana. Abiria atajuaje lipi linakwenda wapi? Kwa rangi ya mstari ubavuni na kwa sauti ya kondakta. Ndani ya seli makondakta hao ni protini za ukoo uitwao Rab. Kila aina ya Rab hupanda aina yake ya kifuko, na ndiyo inayoamua kifuko kishuke wapi na kiungane na utando gani. Rab ina hali mbili, kuwaka na kuzima. Ikiwaka inadandia kifuko na kuita wasaidizi. Ikizima inashuka na kusubiri.

Sisi binadamu, pamoja na ubongo, moyo na maini yetu, tuna aina 60 na ushei za Rab. Amiba, seli moja tu, ana zaidi ya 90. Hesabu hiyo ilipotoka katika miaka ya 2000 iliwashangaza wengi. Kiumbe ambaye hata maghala ya kawaida ya seli ukimtazama kwa hadubini huyaoni vizuri, ana makondakta wengi kuliko mtu! Ukifikiri kidogo inaeleweka. Huyu kazi yake kubwa maishani ni kumeza, kumeng'enya na kutema.

Mwaka 2004 Yumiko Saito-Nakano, Tomoyoshi Nozaki na wenzao huko Japani waliwafuatilia makondakta wawili kati ya hao, Rab5 na Rab7A. Katika seli zetu, mfuko wenye chakula humezwa kwanza, kisha Rab5 hufika, kisha Rab7 humpokea, kwa zamu. Kwa amiba walikuta jambo jingine. Mara tu alipokutana na seli za damu, kabla mfuko wenye chakula haujahitaji chochote, mfuko mwingine mkubwa mtupu ulijitengeneza ndani yake. Rab5 na Rab7A walikuwa juu yake pamoja. Vimeng'enya vikakusanywa humo, vikaandaliwa. Baadaye Rab5 alishuka, na mfuko ule wa maandalizi ukaungana na ule wenye seli ya damu.

Ni kama mama ntilie anayesikia honi ya basi bado liko kona ya juu, naye anabandika sufuria. Abiria wakishuka, chakula tayari. Na watafiti walipomvuruga Rab5 asiweze kuwaka, mfuko wa maandalizi haukutokea, na hata umezaji wenyewe ulipungua sana.

Kuna hesabu nyingine hapa ambayo sisi wenyewe ilituchukua muda kuiona. Kila tonge analomeza amiba linaondoka na kipande cha utando wake wa nje, kwa sababu mfuko umetengenezwa kwa ngozi yake mwenyewe. Akimeza matonge mengi bila kurudisha, ataishiwa ngozi. Kwa hiyo magari hayaendi upande mmoja tu. Utando uliotumika hurudishwa nje, na hata wale wapokeaji wa mizigo waliofikisha vimeng'enya kwenye mfuko hukusanywa na kundi jingine la protini wakarudishwe kubeba tena. Rab7A ndiye anayelisimamia kundi hilo. Bila safari za kurudi, mlo ungekwama mapema.

Wengine kati ya makondakta hawapeleki vimeng'enya ndani ya mfuko kabisa. Wanavipeleka nje na kuvimwaga. Huko nje vimeng'enya hivyo vinayeyusha ute unaoulinda ukuta wa utumbo, kisha ukuta wenyewe, na hapo ndipo vidonda vinapofunguka na damu kuonekana kwenye choo. Mgonjwa anapojikunja kwa maumivu ya tumbo, yanayomuumiza ni matokeo ya usafirishaji huo.

Wale wasiokula

Mtu anaweza kuuliza: tunajuaje kwamba kula ndiko kunakoleta ugonjwa? Huenda amiba anaumiza kwa njia nyingine, na damu anaiokota tu.

Swali hilo lilijibiwa Mexico mwaka 1983 kwa jaribio ambalo kwetu ni tamu kuliko yote. Esther Orozco na wenzake walitaka kupata amiba wasiokula vizuri. Lakini utawachaguaje kati ya mamilioni? Waliwalisha bakteria waliokuzwa na kemikali inayoingia kwenye vinasaba, ambayo ikimulikwa kwa mwanga maalum huharibu kila kilichoibeba. Amiba walaji walikula bakteria hao, kemikali ikaingia mwilini mwao, na taa ilipowashwa wakafa. Waliobaki hai ni wale wavivu wa kula. Kwa maneno mengine, waliwatega kwa ulafi wao.

Watafiti wakawakuza wale waliobaki, wakawajaribu. Hawakuwa na ukali wa wenzao. Uwezo wao wa kuleta ugonjwa ulikuwa umepungua pamoja na uwezo wao wa kumeza. Tangu hapo haikuwezekana tena kuitazama fagositosi kama jambo la pembeni.

Kumega kabla ya kumeza

Kwa muda mrefu picha ilikuwa kwamba amiba kwanza humuua adui, kisha humeza maiti. Mwaka 2014 Katherine Ralston, William Petri na wenzao waliokuwa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walionyesha kwamba mara nyingi ni kinyume. Amiba huimega seli ikiwa hai. Anauma kipande kidogo, anameza, anauma kingine, kama mtu anavyomega ugali. Seli inayomegwa hivyo hatimaye hufa. Cha ajabu ni kwamba ikishakufa, amiba huacha kuimega na kwenda kutafuta nyingine iliyo hai. Jina la tendo hilo ni trogositosi, kutoka neno la Kigiriki la kumega kwa meno.

Miaka mitano baadaye kundi la Ralston, sasa likiwa California, lilionyesha sehemu nyingine ya hadithi hiyo. Vipande vya utando alivyomega amiba havimeng'enywi vyote. Vingine vinasafirishwa kwa njia zile zile za vifuko mpaka juu ya ngozi yake, na protini za binadamu zinabaki zimening'inia hapo nje. Damu yetu ina kinga inayotoboa vijidudu. Kinga hiyo ikimkuta amiba aliyejivika protini za binadamu, humwona kama mwenyeji na kumpunguzia mashambulizi. Mwizi amevaa sare ya mlinzi aliyemla.

Hapo unaelewa anavyoweza kutoka utumboni, kuingia kwenye mshipa wa damu na kufika ini akiwa hai. Jipu la ini linalosababishwa na amiba huwapata zaidi wanaume watu wazima, na wengi wao wakati huo hata hawahari. Wana homa, na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Tunalisema hili kwa kuwa mtu wa namna hiyo mara nyingi hutibiwa malaria kwanza.

Hii inakuhusu vipi ukiwa zahanati

Tumrudie mzazi wetu. Mtaalamu aliyeona damu ndani ya amiba aliona kitu chenye uzito. Kuna amiba mwingine, Entamoeba dispar, ambaye kwa sura hutofautiani naye lakini hana madhara. Mfaransa Émile Brumpt alisema tangu mwaka 1925 kwamba hao ni viumbe wawili tofauti, na hakusikilizwa mpaka miaka ya 1990. Kwa hiyo wengi wanaoambiwa "una amiba" kwa sababu tu maganda yameonekana kwenye choo, huenda wana huyu mpole. Ila akionekana anatembea na seli nyekundu tumboni, karibu kila mara ni yule mkali. Ili aonekane hivyo, choo kipimwe kikiwa bado kibichi, ndani ya nusu saa hivi. Kile kilichofungwa kwenye kopo tangu alfajiri hakitamsaidia mtaalamu, kwani amiba wanaotembea hufa haraka wakishatoka mwilini.

Jambo la kuwatazama zaidi ni watoto wadogo. Kuhara damu kwao mara nyingi huletwa na bakteria aina ya Shigella, ambao dawa zao ni tofauti. Kununua vidonge vya amiba dukani kwa kukisia kunaweza kumchelewesha mtoto tiba anayoihitaji.

Na kuhusu vidonge: metronidazoli, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Flagyl, huwaua vizuri amiba waliojichimbia kwenye nyama ya utumbo na kwenye ini. Wale wanaobaki wakielea ndani ya utumbo na wale wenye maganda haiwamalizi. Ndiyo maana matibabu kamili yana hatua ya pili, dawa ya kuwafagia waliobaki utumboni, kama vile paromomaisini au diloksanidi. Hatua hiyo mara nyingi husahaulika. Mgonjwa anajisikia mzima, kumbe bado anatoa maganda kila aendapo chooni, na jirani anayachota na maji. Klorini ya kiwango kinachowekwa kwenye maji ya kunywa haitoshi kuua maganda hayo. Kuchemsha mpaka maji yatokote kunawaua.

Watafiti nao wanatafuta dawa mpya humo humo kwenye mlolongo wa kumeza. Ugumu wake ni kwamba seli zetu nyeupe za damu hula vijidudu kwa njia inayofanana sana na ya amiba. Mrusi Ilya Metchnikoff aliliona hilo mwaka 1882 kule Messina, Italia, akitazama seli za kiluwiluwi cha kiti cha pweza zikiuzingira mwiba, na likampatia Nobel mwaka 1908. Dawa itakayomzima Rab5 wa amiba ikimzima na wa kwetu, tutakuwa tumewanyang'anya silaha askari wetu wenyewe. Kwa hiyo macho yako kwa zile protini ambazo amiba anazo na sisi hatuna, mfano baadhi ya wapagazi wake wa vimeng'enya. Lektini nayo ndiyo inayotazamwa kwa chanjo: huko Dhaka, Bangladesh, watoto waliokuwa na kinga ya utumboni dhidi ya lektini walionekana kuambukizwa upya kwa uchache kuliko wenzao. Chanjo iliyoidhinishwa bado haipo.

Mzazi aliyetuuliza alituandikia tena wiki iliyopita. Mtoto amemaliza metronidazoli, damu imekatika na anacheza. Dawa ya hatua ya pili hakuandikiwa. Tumemwomba arudi zahanati na karatasi ile ya maabara, aiulizie.